Frances Ellen Watkins Harper (1825–1911): Ushairi wa Jukwaani na Elimu ya Waliotoka Utumwani

1.0 Utangulizi

Katika fasihi ya Wamarekani Weusi ya karne ya kumi na tisa, ni washairi wachache mno waliosikilizwa na umma mpana kama alivyosikilizwa Frances Ellen Watkins Harper. Alizaliwa mwaka 1825 katika mji ambao utumwa ulikuwa halali, akafariki mwaka 1911, miaka tisa kabla ya Katiba ya Marekani kurekebishwa ili wanawake wasinyimwe kura kwa sababu ya jinsia yao. Katika miaka hiyo 85 alikuwa mwalimu, mshairi, mhadhiri wa majukwaani, mtunzi wa hadithi fupi na riwaya, na kiongozi wa vyama vya wanawake.

Wingi huu wa kazi umewatatiza wahakiki. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi kumgawa Harper mafungu mawili: fungu la mwalimu na mwanaharakati, ambalo lilisifiwa, na fungu la mshairi, ambalo lilionekana kuwa jepesi. Mfano mashuhuri ni tathmini ya W.E.B. Du Bois katika jarida la The Crisis mwaka 1911, muda mfupi baada ya kifo chake. Du Bois aliheshimu maisha ya Harper na bidii yake ya kuwatia watu wake moyo wa kusoma na kuandika, lakini hakumweka katika daraja la waandishi wakubwa. Wahakiki wengi waliofuata waliridhika na hukumu hiyo.

Hoja ya makala haya ni kwamba mgawanyo huo haufai. Ushairi wa Harper ulikuwa sehemu ya ualimu wake, na ualimu huo ndio uliotawala uteuzi wake wa msamiati, umbo la beti zake, na zaidi ya yote namna alivyoiandika sauti ya mtu aliyetoka utumwani. Maisha yake yanasimuliwa hapa kwa kuzingatia uhusiano huo.

2.0 Malezi na Elimu: Baltimore, 1825–1850

Frances Ellen Watkins alizaliwa tarehe 24 Septemba 1825 mjini Baltimore, katika jimbo la Maryland. Wazazi wake walikuwa Weusi waungwana, yaani watu huru wasiomilikiwa na yeyote. Alipofika umri wa miaka mitatu alikwishakuwa yatima, akachukuliwa na jamaa zake, William Watkins na mkewe Henrietta, wakamlea kama mtoto wao.

Nyumba hiyo ilikuwa chuo kabla ya mtoto huyo kufika chuoni. William Watkins alikuwa mhubiri, fundi viatu, mwalimu, na mwandishi wa makala za magazetini dhidi ya utumwa. Alipinga vikali mpango wa kuwahamishia Weusi huru Liberia, akishikilia kwamba Marekani ilikuwa nchi yao kwa haki ya kuzaliwa na ya jasho. Tangu mwaka 1820 aliendesha shule iliyojulikana kama Watkins Academy for Negro Youth. Humo wanafunzi walifundishwa sarufi, insha, ufasaha wa kusema mbele ya watu, Biblia, hesabu, na lugha za kale za Kigiriki na Kilatini. Watkins alikuwa mkali katika sarufi na matamshi. Jambo hili si dogo kwa mintarafu ya makala haya, kwa sababu mwanafunzi wake mmoja angekuja kulikabili, baada ya miaka mingi, swali la namna ya kuiandika sauti ya watu ambao hawakupata kufundishwa sarufi wala herufi.

Hali ya elimu ya Weusi wakati huo inafaa kukumbushwa. Majimbo kadhaa ya Kusini, yakiwamo South Carolina, Georgia na Virginia, yalikuwa na sheria zilizoharamisha kuwafundisha watumwa kusoma au kuandika. Maryland haikuwa na sheria ya namna hiyo. Hata hivyo, shule za serikali zilifungiwa Weusi, na mtoto Mweusi aliyepata elimu ya kiwango cha Watkins alikuwa na bahati ya nadra.

Bahati hiyo nayo ilikuwa na mpaka. Alipokaribia miaka 13 au 14, Frances aliacha shule akaenda kufanya kazi za nyumbani, za ushonaji na za kulea watoto, katika familia ya Wazungu iliyokuwa na duka la vitabu. Waajiri wake walimruhusu kusoma vitabu hivyo kazi zilipokwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1840 alitoa diwani yake ya kwanza, Forest Leaves, iliyochapishwa Baltimore. Kitabu hicho kilihesabiwa kuwa kimepotea kwa zaidi ya karne moja, hadi nakala yake ilipotambuliwa katika hifadhi ya nyaraka ya Baltimore na habari zake kutangazwa mwaka 2015. Ugunduzi huo umethibitisha kwamba Harper alikuwa mshairi aliyechapishwa kabla hajawa mwanaharakati wa jukwaani. Kwa hiyo haielekei kuwa siasa ndiyo iliyomfanya ashike kalamu. Kalamu ilitangulia, na siasa ikaipa hadhira na kazi ya kufanya.

3.0 Ualimu na Kuingia Jukwaani: 1850–1860

Mwaka 1850 Frances Watkins alihamia Ohio, jimbo lisilo na utumwa, akafundisha ushonaji katika Union Seminary karibu na Columbus. Shule hiyo ilikuwa ya kanisa la African Methodist Episcopal, na yeye alikuwa mwalimu wa kwanza wa kike kuajiriwa humo. Kutoka huko alikwenda York, katika jimbo la Pennsylvania, ambako alikabidhiwa darasa la watoto 53. Kazi hiyo ilimchosha. Barua zake za kipindi hicho zinaonyesha mtu anayejiuliza kama mahali pake ni darasani, au kama ipo njia nyingine ya kuwafundisha watu wake.

Jibu lilitokana na tukio la kisheria. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Watumwa Watoro, ambayo iliwalazimisha hata wakazi wa majimbo huru kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. William Watkins aliifunga shule yake na kuhamia Kanada. Kisha Maryland ikaweka sheria kwamba Mweusi huru aingiaye jimboni humo kutoka Kaskazini angeweza kukamatwa na kuuzwa. Mtu mmoja aliyeingia bila kuijua sheria hiyo alikamatwa, akauzwa Georgia, akatoroka kwa kujificha melini, akagunduliwa na kurudishwa, na muda si muda akafariki. Habari za mtu huyo zilimfikia mwalimu wa York, ambaye kwa sheria hiyo hiyo asingeweza tena kurejea alikozaliwa. Ndipo alipoahidi kuitoa nafsi yake kwa ajili ya kuupinga utumwa.

Alihamia Philadelphia, akawa karibu na William Still, Mweusi huru aliyeongoza kazi ya kuwapokea na kuwasafirisha watoro katika mtandao wa siri uliojulikana kwa jina la reli ya chini kwa chini. Mwezi Agosti 1854 alitoa mhadhara wake wa kwanza wa hadhara huko New Bedford, Massachusetts, kuhusu elimu na maendeleo ya Weusi. Punde chama cha kupinga utumwa cha jimbo la Maine kikamwajiri kuwa mhadhiri wake. Katika majuma sita hivi ya mwaka huo alitoa si chini ya mihadhara 33 katika miji 21.

Mwaka huo huo ilichapishwa Boston diwani yake Poems on Miscellaneous Subjects, yenye dibaji ya William Lloyd Garrison, mhariri mashuhuri wa gazeti la kupinga utumwa. Katika miaka michache iliuzwa zaidi ya nakala 10,000. Nakala nyingi ziliuzwa mwishoni mwa mihadhara, kwa watu waliokwisha kumsikia mshairi mwenyewe akiyasema mashairi yake, na sehemu ya mapato aliipeleka kwa Still ili isaidie watoro.

Mazingira haya ya uenezaji yanaeleza umbo la mashairi yenyewe. Mengi yana beti za mishororo minne, ambamo mshororo wa pili na wa nne ndiyo hufungana kwa kina cha mwisho. Hili ni umbo la baladi na la nyimbo nyingi za kanisani, umbo ambalo sikio la hadhira yake lilikuwa limelizoea tangu utotoni. Msamiati ni wa kila siku, sentensi ni fupi, na aghalabu kila ubeti hubeba wazo moja lililokamilika. Shairi lake juu ya mama anayetenganishwa na mwanawe limetungwa hivyo. Ni hivyo pia shairi lake juu ya Margaret Garner, mama aliyevuka mto Ohio ulioganda mwezi Januari 1856, na ambaye, alipozingirwa na waliomfuatia, alimuua binti yake mdogo kuliko kumwona akirudishwa utumwani. Shairi kama hilo husikika mara moja tu jukwaani na halina nafasi ya kurudiwa. Msikilizaji asipolipata papo hapo, amelikosa. Msomaji aliyezoea utenzi unaoghanwa mbele ya hadhira hatashangaa kwamba wepesi wa namna hii hudai ustadi wake.

Jukwaa lenyewe halikuwa mahali salama pa mwanamke. Katika miaka ya 1850 wengi waliona kwamba mwanamke kuhutubia wanaume na wanawake waliochanganyika ni kukosa haya. Harper alijilinda kwa mavazi ya kawaida, sauti tulivu na hoja zilizopangwa, na waliomsikia waliandika kwamba alizungumza bila kusoma karatasi. Ufasaha huo ukazaa shaka ya aina yake. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye katika barua kutoka Kusini, wapo waliosema kwamba bila shaka huyu ni mwanamume, na wengine kwamba si Mweusi bali amepakwa rangi. Dhana zote mbili zilikuwa na msingi mmoja, nao ni kwamba lugha fasaha haiwezi kuwa mali ya mwanamke Mweusi. Kila aliposimama kusema, Harper alikuwa ushahidi dhidi ya dhana hiyo.

Mwisho wa muongo huo ulikuwa wa mavuno. Mwaka 1858 alitoa shairi lake mashuhuri juu ya mtu anayeomba asizikwe katika nchi yenye watumwa. Mwaka 1859 hadithi yake The Two Offers ilitokea katika Anglo-African Magazine. Hadithi hiyo huhesabiwa kuwa hadithi fupi ya kwanza kuchapishwa na mwanamke Mweusi wa Marekani, nayo inahusu mwanamke anayechagua kazi ya uandishi na utetezi badala ya ndoa. Mwishoni mwa mwaka huo, John Brown alipokuwa akingoja kunyongwa kwa kosa la kushambulia ghala ya silaha ya Harpers Ferry, Frances Watkins alikaa na mkewe Brown nyumbani kwa Still, akimliwaza.

4.0 Ndoa, Ujane na Suala la Kura: 1860–1869

Tarehe 22 Novemba 1860, huko Cincinnati, aliolewa na Fenton Harper, mjane mwenye watoto watatu. Kwa akiba iliyotokana na vitabu na mihadhara, walinunua shamba karibu na Columbus. Frances Harper akawa mkulima na mtengenezaji wa siagi, na mwaka 1862 akazaa binti, Mary. Mwezi Mei 1864 mumewe alifariki akiacha madeni.

Lililofuata lilimfunza Harper sheria ya ndoa kuliko kitabu chochote. Kwa mujibu wa sheria, mali ya nyumba ile ilikuwa mali ya marehemu, ingawa shamba lilinunuliwa kwa fedha za mke. Wadai walikuja wakachukua vifaa vyake, hata vyungu vya maziwa na mabeseni ya kufulia, ambavyo ndivyo vilivyokuwa nyenzo zake za kuwalishia watoto. Katika mkutano wa haki za wanawake uliofanyika New York mwezi Mei 1866 alisimulia kwamba walimwachia kioo cha kujitazamia tu. Alieleza kuwa, lau angekufa yeye na kubaki mumewe, hakuna ambaye angekuja kuivunja nyumba ile.

Hata hivyo hotuba hiyo haikuishia katika malalamiko ya pamoja. Harper aliwakumbusha wanawake Weupe waliomsikiliza kwamba wao walizungumza juu ya haki, ilhali yeye alizungumza juu ya madhila, na kwamba mwanamke Mweusi huko Philadelphia hakuwa na hakika ya kuruhusiwa kukaa ndani ya gari la abiria. Alitilia shaka imani kwamba kura mikononi mwa wanawake Weupe ingeponya maovu yote, kwa kuwa wao nao walihitaji kufunzwa kwanza.

Mgongano huo ulifikia kilele mwaka 1869. Rekebisho la Kumi na Tano la Katiba lilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, lakini halikutaja jinsia. Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony walilipinga, wakidai kwamba wanawake wasiachwe nyuma ya wanaume Weusi. Frederick Douglass aliliunga mkono, na Harper akawa upande wake. Uamuzi huo ulikuwa na gharama ya wazi, kwani Rekebisho hilo lisingempa yeye mwenyewe kura. Lakini aliona kwamba jamii yake ilikuwa ikiuawa Kusini, na kwamba kuchelewesha kinga yoyote iliyopatikana ni kuhatarisha maisha ya watu. Baadaye alijiunga na tawi la Lucy Stone la harakati za kura, ambalo lililikubali Rekebisho hilo.

5.0 Miongoni mwa Waliokombolewa: 1867–1871

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikoma mwaka 1865, na watumwa takriban milioni nne wakawa huru. Kuanzia mwaka 1867 hadi 1871 Harper alizunguka karibu majimbo yote ya Kusini, bila mlinzi na mara nyingi kwa fedha alizojipatia njiani. Alihutubia makanisani, shuleni, mahakamani na mashambani, mara nyingine mbele ya Weupe na Weusi kwa pamoja, katika miaka ambayo vikundi vya kigaidi vya Weupe vilikuwa vikiwashambulia walimu na kuchoma shule. Alilala katika vibanda vya waliokombolewa, vingine vikiwa na kuta zenye nyufa zilizopitisha upepo.

Mikutano aliyoithamini zaidi ni ile ya wanawake peke yao, ambayo hakuitoza ada. Humo alifundisha juu ya usafi wa nyumba, malezi, kuweka akiba na kununua ardhi, na alilaani wazi tabia ya wanaume kuwapiga wake zao. Barua zake kutoka Kusini zilimfikia Still, naye alizitumia katika sura aliyomwandikia ndani ya kitabu chake kikubwa kuhusu reli ya chini kwa chini, kilichotoka mwaka 1872. Sura hiyo imebaki kuwa chanzo kikuu cha habari za safari zake.

Kwa mwalimu aliyechoshwa na watoto 53 wa York, safari hii ilikuwa darasa la aina nyingine. Aliona watu wazima waliomaliza kazi za shamba wakienda shule usiku, na wazee waliotaka kujifunza herufi ili tu waisome Biblia kabla ya kufa. Kutokana na darasa hilo ilizaliwa kazi yake bora ya kishairi.

6.0 Sauti ya Chloe: Sketches of Southern Life

Kabla ya kazi hiyo, mwaka 1869, Harper alikuwa ametoa Moses: A Story of the Nile, shairi refu la masimulizi lisilo na vina, juu ya Musa anayeacha raha za jumba la Farao ili awe pamoja na watu wake walio utumwani. Lugha yake ni ya kikale na ya kitukufu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1872, alichapisha Sketches of Southern Life, na humo akashika njia tofauti kabisa.

Kiini cha diwani hiyo ni mfululizo wa mashairi sita yanayosemwa na mhusika mmoja, Chloe, mwanamke mzee aliyetoka utumwani. Chloe anasimulia jinsi wanawe wawili walivyouzwa, jinsi habari za uhuru zilivyowafikia, jinsi wanawake walivyowaandama wanaume waliouza kura zao kwa chakula, jinsi kanisa lilivyojengwa, na mwisho jinsi mwanawe mmoja alivyorudi. Shairi moja linahusu kujifunza kusoma. Linaeleza hila za watumwa: mmoja anapaka mafuta kurasa za kitabu na kuzificha ndani ya kofia, ili atakayeziona asishuku kuwa ni maandishi, mwingine anasikiliza watoto wakitamka herufi na kukariri maneno mpaka anajua kusoma. Chloe mwenyewe anakaribia miaka sitini. Watu wanamwambia kwamba amechelewa. Anajipatia miwani, anajifunza, na halafu anapata kibanda chake mwenyewe, ambamo anajiona kuwa malkia. Kusoma na kumiliki nyumba vinafuatana katika shairi, kama vilivyofuatana katika mihadhara ya Harper.

Kwa upande wa isimu, jambo la kuzingatiwa zaidi ni namna Chloe anavyosema. Katika uandishi wa Marekani ulikuwapo tayari mtindo wa kuandika usemi wa Weusi kwa tahajia iliyovurugwa, ambamo karibu kila neno lilipotoshwa hata pale ambapo matamshi hayakutofautiana na ya Weupe wa eneo hilo hilo. Tahajia ya namna hiyo haikumpa msomaji habari za kifonetiki. Ilimpa ishara ya kijamii, kwamba msemaji ni mjinga na ni wa kuchekwa. Mtindo huo ulizidi kuenea baada ya mwaka 1880, Joel Chandler Harris alipochapisha hadithi za Uncle Remus.

Harper alikataa njia hiyo, wala hakumsemesha Chloe kwa lugha ya kitukufu ya Moses. Chloe hutumia tahajia ya kawaida. Usemi wake hutambulikana kwa mambo mengine: msamiati wa nyumbani na shambani, namna ya kuwaita watu kwa majina ya heshima ya kijamaa, ucheshi mkavu, misemo ya mazungumzo, na mwendo wa sentensi fupi zinazotiririka ndani ya ubeti wa baladi. Kwa maneno mengine, alama za lahaja zimetolewa katika tahajia zikawekwa katika leksia, sintaksia na mwendo wa usemi. Msomaji anamsikia mwanamke wa Kusini asiyepitia shule bila kualikwa kumcheka.

Uamuzi huu unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kwa jicho la mwalimu. Miongoni mwa waliotarajiwa kukisoma kitabu hiki ni watu walioanza kujifunza kusoma uzeeni. Tahajia iliyovurugwa ingewatatiza wasomaji wapya na kuwadhihaki kwa pamoja, ilhali tahajia sanifu yenye sauti wanayoifahamu iliwapa matini ya kujisomea. Harper hakuacha alichofundishwa na Watkins. Alitumia sarufi na tahajia aliyoirithi ili kumpa nafasi katika maandishi mtu ambaye sheria zilikuwa zimemfungia maandishi hayo.

7.0 Philadelphia, Vyama na Riwaya: 1871–1911

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870 Harper aliishi Philadelphia katika nyumba aliyoinunua mwenyewe, mtaa wa Bainbridge namba 1006. Nyumba hiyo ilitangazwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1976. Kati ya mwaka 1869 na 1889 riwaya zake tatu zilitokea kwa mfululizo katika gazeti la kanisa, Christian Recorder. Zilisahauliwa kwa karibu karne nzima, hadi zilipokusanywa na kuchapishwa upya mwaka 1994. Kuanzia mwaka 1883 hadi 1890 aliongoza kazi miongoni mwa Weusi katika Woman's Christian Temperance Union, chama kikubwa cha wanawake cha kupinga ulevi. Mwaka 1896 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa National Association of Colored Women, akawa makamu wa rais wake.

Riwaya yake mashuhuri, Iola Leroy, ilichapishwa mwaka 1892, alipokuwa na miaka 67. Inamhusu binti aliyelelewa akijidhania kuwa Mweupe, ambaye baada ya kifo cha baba yake anagundua kwamba mama yake alikuwa mtumwa, naye anatiwa utumwani. Akishakombolewa anakataa kuolewa na daktari Mweupe kwa masharti ya kuificha asili yake, anamtafuta mama yake, na anakuwa mwalimu. Mwanzo wa riwaya una thamani ya pekee kwa wanaisimu. Vita vikiendelea, watumwa wanaokutana sokoni wanaulizana juu ya siagi na mayai. Bidhaa zikiwa nzuri, maana yake majeshi ya Kaskazini yameshinda. Zikiwa zimechacha, yameshindwa. Yupo pia mtumishi asiyejua herufi, ambaye huzisoma habari za vita katika uso wa bibi yake. Harper anaonyesha hapa jamii iliyonyimwa maandishi lakini iliyojiundia msimbo wake wa mawasiliano, ambao mabwana waliusikia kila siku wasiutambue.

Hata hivyo, katika riwaya hii wahusika wasiosoma wamepewa ile tahajia iliyovurugwa ambayo mashairi ya Chloe yaliiepuka, huku wahusika wasomi wakisema kwa lugha sanifu. Yamkini soko la vitabu la miaka ya 1890, lililotawaliwa na fasihi ya lahaja, lilikuwa na mchango katika mabadiliko hayo. Vyovyote iwavyo, tofauti kati ya kazi hizi mbili inadhihirisha jinsi ufumbuzi wa mwaka 1872 ulivyokuwa wa kijasiri, na jinsi ulivyokuwa mgumu kuulinda.

Mvutano wa namna hiyo ulikuwamo pia katika fikra zake za kisiasa. Katika mkutano wa kimataifa wa wanawake huko Chicago, mwaka 1893, aliwatetea wanawake wapewe sauti katika siasa, akahoji haki ya kupiga kura ya watu wanaoua wenzao kwa makundi bila hukumu ya mahakama. Papo hapo alisema kwamba kura isiwe ya kila mtu bila sharti, bali iambatane na vipimo vya maadili na elimu. Lakini tangu mwaka 1890 jimbo la Mississippi lilikuwa limekwisha kuweka kipimo cha kusoma katika katiba yake kwa lengo la kuwanyang'anya Weusi kura, na majimbo mengine yakafuata. Harper alikusudia kipimo hicho kimzuie muuaji Mweupe. Mikononi mwa watawala wa Kusini kilimzuia mtu kama mwanawe Chloe. Imani yake kubwa katika elimu, iliyoyapa nguvu mashairi yake, ilimzuia hapa kuona kwamba elimu nayo yaweza kugeuzwa lango la kufungia watu nje.

Binti yake Mary, ambaye hakuolewa na ambaye alikuwa mhadhiri na mghani wa mashairi, alimtangulia kufa. Frances Harper alifariki Philadelphia tarehe 22 Februari 1911 kwa maradhi ya moyo, akazikwa karibu na binti yake katika makaburi ya Eden, huko Collingdale, Pennsylvania.

8.0 Hitimisho

Baada ya kifo chake Harper alikumbukwa zaidi kama mtu mwema kuliko kama msanii. Hata sifa ya kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kuchapisha riwaya, aliyopewa zamani kwa sababu ya Iola Leroy, ilimwondoka pale riwaya ya Harriet Wilson ya mwaka 1859 ilipotambuliwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa bahati njema miaka hiyo hiyo ilianzisha uchunguzi mpya wa kazi zake. Mashairi yake yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1988, na mkusanyo mpana wa mashairi, barua na hotuba ukafuata mwaka 1990.

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba wepesi wa lugha ya Harper ulikuwa uteuzi wenye sababu zinazoweza kubainishwa. Ulitokana na jukwaa, ambako shairi husikika mara moja. Na darasa, ambako msomaji mpya huhitaji matini isiyomdhalilisha. Anayeyapima mashairi hayo kwa ukurasa peke yake huyapunguzia hadhira ambayo yalitungwa kwa ajili yake. Aidha, mashairi ya Chloe yanastahili nafasi katika mijadala ya uandishi wa lahaja kwa jumla. Yanathibitisha kwamba tahajia ni uamuzi wa kijamii kabla ya kuwa uamuzi wa kifonetiki, na kwamba mtunzi anaweza kuidumisha sauti ya msemaji asiyesoma bila kumnyima heshima ya maandishi. Lugha nyingi zenye lahaja zilizopewa hadhi zisizolingana zinalikabili swali hilo, na jibu ambalo Harper alilitoa mwaka 1872 bado linafaa kuchunguzwa.